MZAHA NA HESABU YAKE
Je, mchekeshaji ataulizwa kwa neno alilolisema ili watu wacheke?



Huenda umewahi kuketi barazani pamoja na wenzako, mmoja akatoa neno la mzaha juu ya mtu fulani, watu wote wakacheka, nawe ukacheka pamoja nao. Kisha ulipofika nyumbani ukaona moyoni mwako kwamba neno lile halikuwa zuri. Kama ulijiuliza, "Kosa hili ni la nani, ni la yule aliyesema au ni letu sote tuliocheka?" basi ujue umeligusa jambo ambalo mahakama za nchi kubwa zimelishughulikia kwa miaka mingi, na ambalo Mwenyezi Mungu amelitolea mafundisho yaliyo wazi.

Zamani neno la mzaha lilikwisha pale pale barazani. Siku hizi sivyo. Wako watu ambao kazi yao ni kuchekesha, nao hulipwa kwa kazi hiyo. Neno wanalolitamka jukwaani usiku, asubuhi limekwisha fika katika simu za watu maelfu. Kwa hiyo hapana budi tuulize: Je, ni haki mchekeshaji ahesabiwe mbele ya watu kwa mzaha uliomuumiza mtu? Au kusema, "Nilikuwa natania tu," kunatosha kumwondolea kila lawama?

KICHEKO SI HARAMU

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako wanaodhani kwamba mtu akishika dini hana budi kukunja uso mpaka kufa kwake. Dhana hii haina msingi. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alikuwa mwenye bashasha, akitabasamu na kutania na masahaba zake. Mtu mmoja alimwendea kuomba mnyama wa kupanda. Mtume s.a.w. akamwambia kwamba atampa mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atambeba vipi? Ndipo Mtume s.a.w. akamkumbusha kwamba kila ngamia, hata awe mkubwa namna gani, amezaliwa na ngamia.

Tazama mzaha huu. Hamna uwongo ndani yake, wala hakuna aliyevunjiwa heshima, na yule aliyetaniwa aliondoka na ngamia wake akiwa amefurahi. Masahaba walipomwuliza kama naye hutania, aliwajibu kwamba ndiyo, lakini hasemi ila kweli. Na katika hadithi nyingine alimwonya vikali mtu asemaye uwongo ili kuwachekesha watu. Basi dini haikukataza kicheko. Imekiwekea mipaka tu, kama ilivyoweka mipaka katika kula, katika biashara na katika kila jambo la maisha yetu.

KESI MOJA YA KANADA

Sasa tutazame mfano wa kweli, maana jambo hufahamika vizuri zaidi kwa mfano.

Katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, alizaliwa mtoto aitwaye Jérémy Gabriel, mwenye ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao Treacher Collins, ambao huharibu umbo la mifupa ya uso na pia kusikia. Mtoto huyu alitiwa kifaa cha kumsaidia kusikia, akajifunza kuimba, na sifa zake zikaenea. Aliimba pamoja na Céline Dion, mwimbaji mashuhuri wa nchi yake, na mwaka 2006 aliimba mbele ya Papa Benedict XVI mjini Roma.

Katika jimbo hilo hilo alikuwako mchekeshaji maarufu aitwaye Mike Ward. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2013 alionyesha mchezo ambao ndani yake aliwacheka watu mashuhuri wa Quebec, wale ambao kwa maoni yake hakuna aliyethubutu kuwagusa. Miongoni mwao alimtia na Jérémy, ambaye wakati ule alikuwa mvulana wa shule. Alimcheka kwa sura yake na kwa kifaa chake cha kusikia, akafanya mzaha kwamba watu walidhani mtoto huyu yu karibu kufa, na kumbe hafi. Watu wakacheka, na picha za mchezo huo zikaenezwa. Jérémy mwenyewe alieleza baadaye mbele ya wahukumu kwamba wenzake shuleni waliyarudia maneno yale, akajitenga na watu, hata akafikiria kujiua.

Wazazi wake walipeleka malalamiko mwaka 2012. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Quebec iliamua kwamba Jérémy alibaguliwa kwa sababu ya ulemavu wake, ikamwamuru Ward amlipe dola 35,000 za Kanada, na mama yake dola 7,000. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha malipo ya Jérémy, lakini ikayafuta ya mama. Ward akakata rufani tena. Tarehe 29 Oktoba, 2021, Mahakama ya Juu ya Kanada ikatoa hukumu ya mwisho: majaji 5 dhidi ya 4, Ward alishinda.

Sauti moja tu, ndugu msomaji! Majaji wenye elimu kubwa, waliosoma sheria ile ile na kusikia habari zile zile, waligawanyika nusu kwa nusu ila mtu mmoja. Hii ni dalili kwamba jambo hili si jepesi.

SHERIA ILIULIZA NINI?

Tusiwadhulumu majaji wale watano. Hawakuyasifu maneno ya Ward. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa jembamba: Je, maneno haya ni ubaguzi kwa mujibu wa sheria? Walisema kwamba Ward alimchagua Jérémy kwa sababu ya umaarufu wake, si kwa sababu ya ulemavu wake. Tena walisema kwamba ili neno lihesabiwe kuwa ubaguzi, lazima liwe ni neno la kuwachochea watu wamchukie mtu au waukane utu wake, na liwe linaelekea kuleta kutendewa kwa ubaguzi. Walichelea kwamba sheria ya ubaguzi ikitumiwa kumwadhibu kila asemaye neno baya, uhuru wa kusema utadhoofika. Majaji wanne waliopinga waliona kwamba jambo lenyewe ni haki ya mtoto mlemavu asidhalilishwe hadharani, na kwamba umaarufu wake haumwondolei haki hiyo.

Na khofu ya wale watano haikuwa ya bure. Katika nchi nyingi mchekeshaji ndiye mtu pekee awezaye kumwambia mkubwa kosa lake, naye mkubwa akalisikia. Watawala wadhalimu huanza kwa kuwafunga midomo wenye kuchekesha. Tukiipa serikali fimbo ya kumpiga kila anayemuudhi mtu, kesho fimbo hiyo hiyo itampiga mnyonge anayemcheka mla rushwa. Kwa hiyo mwenye akili hatafuti kila dhambi ifanywe kuwa kosa la polisi.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wakisikia kwamba mahakama imemwachilia mtu, hudhani kwamba hakutenda kosa. Sheria ya nchi ni kama ua wa nyumba. Humzuia mwizi asiingie, lakini haiwafundishi wenye nyumba kupendana. Uwongo mwingi haushitakiwi popote, na usengenyaji hauna hakimu duniani. Je, kwa sababu hiyo vimekuwa halali? Mahakama iliuliza, "Je, huu ni ubaguzi?" Dini inauliza swali jingine: "Je, umemdhulumu ndugu yako?" Na mtu anaweza kushinda katika swali la kwanza akashindwa katika la pili.

PAZIA LA UCHEKESHAJI

Tutazame na mfano wa pili, ambao sheria iliukata kwa namna nyingine. Nchini Ufaransa yuko mchekeshaji aitwaye Dieudonné M'Bala M'Bala. Mwezi Desemba 2008, katika ukumbi wa Zénith mjini Paris, alimwita jukwaani Robert Faurisson, mtu aliyejulikana kwa kukana kwamba Wayahudi waliuawa katika majumba ya gesi zama za Hitler. Akampa zawadi, nayo ililetwa na mtu aliyevikwa nguo kama za wafungwa wa Kiyahudi wa kambi zile. Watu wakapiga makofi. Mahakama za Ufaransa zilimtoza faini ya euro 10,000. Alipolalamika mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 2015 mahakama hiyo ililikataa lalamiko lake. Ilisema kwamba jambo lile halikuwa tena burudani, bali lilikuwa mkutano wa kueneza chuki na kukana mauaji, na kwamba uhuru wa kusema haukuwekwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Hapa pana fundisho. Neno "mzaha" ni kama pazia. Wakati mwingine nyuma yake mna furaha safi, na wakati mwingine mna chuki iliyojificha. Wajibu wetu ni kulifunua pazia na kutazama kilichomo. Tujiulize: Kama neno hili lingesemwa bila kicheko, lingekuwa neno gani? Kama lingekuwa tusi, basi kicheko hakikulitakasa. Wahenga wetu walikwisha sema: Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

MAFUNDISHO YA KURANI TUKUFU

Katika Sura Al-Hujurat (49:12, tukihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza) Mwenyezi Mungu amewakataza waaminio kudharauliana. Ukiichungua aya hiyo utaona mambo manne.

Kwanza, makatazo yameelekezwa kwa watu juu ya watu wengine, kisha wanawake wametajwa mbali, ili asiwepo wa kusema kwamba hayamhusu. Kwa hiyo kucheka kabila zima, taifa zima au dini nzima kumekatazwa, kama vile kumcheka mtu mmoja.

Pili, sababu imetolewa: huenda yule anayedharauliwa ni bora kuliko anayemdharau. Mwenye kucheka hutazama sura, mavazi au ulemi wa mtu. Mwenyezi Mungu hutazama moyo.

Tatu, imekatazwa kuitana kwa majina mabaya. Ni mara ngapi jina la mzaha alilopewa mtoto shuleni limemfuata mpaka uzeeni?

Nne, aya inamalizika kwa kutaja toba, na kwamba wasiotubu ndio madhalimu. Maana yake ni kwamba mlango haukufungwa kwa aliyekosa, lakini asiyeutaka mlango huo amejihukumu mwenyewe.

Tena katika Sura Qaf (50:19) tumeambiwa kwamba mtu hatamki neno lolote ila yuko mwangalizi aliye tayari karibu naye. Wala haikusemwa kwamba maneno ya mzaha hayaandikwi.

Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha jambo hili kwa vitendo. Sahaba Abdullah bin Mas'ud r.a. alikuwa na miguu myembamba sana. Siku moja alipokuwa juu ya mti, miguu yake ilionekana, masahaba wakacheka. Mtume s.a.w. hakuliacha jambo lipite. Aliwauliza wanachekea nini, kisha akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ya Mungu ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Yeye aliwahesabu pale pale, mbele ya wote, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya wote. Lakini hakuwatukana wala hakuwafukuza. Alimrudishia Abdullah heshima yake, nao wakapata elimu.

Mara nyingine masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, wenzake wakamchukulia kitu chake kwa mchezo. Alipoamka akafazaika. Mtume s.a.w. alisema kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Angalia: walitaka kucheka tu, na kitu kingerudishwa. Hata hivyo Mtume s.a.w. hakuipima nia ya waliocheza peke yake, aliyatazama na maumivu ya aliyechezewa.

UTANI WETU

Yuko atakayesema, "Sisi Waafrika tuna utani, je, nao umekatazwa?" Swali hili ni zuri. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha uadui wao ukageuka kuwa utani unaojulikana mpaka leo. Kicheko kilifanya kazi ambayo mikuki ilishindwa kuifanya. Lakini utani una adabu yake. Mtani humtania mtu awezaye kumjibu, na jibu hulipokea bila kukasirika. Tena mtani yule yule anayekucheka leo ndiye atakayekuja kukusaidia siku ya msiba wako. Haki na wajibu vimekwenda pamoja.

Sasa linganisha na mtu mzima aliye jukwaani, mwenye kipaza sauti na umaarufu, anayemcheka mtoto mgonjwa asiyekuwapo ukumbini. Mtoto huyo atajibu kwa sauti gani? Huo si utani, maana mmoja anacheza na mwingine anaumia.

HESABU IFANYWE NAMNA GANI?

Kwa kuwa tumesema kwamba mchekeshaji anastahili kuulizwa, ni lazima tueleze namna ya kumwuliza, maana watu wengi huiharibu haki kwa kuidai vibaya.

Kwanza, isiwe kwa kumwaga damu. Tarehe 7 Januari, 2015, watu wenye silaha waliingia katika ofisi ya gazeti la Charlie Hebdo mjini Paris na kuwaua watu 12, wakidai kwamba wanamtetea Mtume s.a.w. Hawakumtetea, bali walimsingizia. Kurani Tukufu, inapotaja watu wanaozifanyia dhihaka Ishara za Mungu, imewaagiza waaminio wasiketi pamoja nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine (4:141). Haikuagiza kuwaua. Mtu akiondoka barazani kwa heshima, kuondoka kwake ni ushahidi. Na mazungumzo yakibadilika, anaweza kurudi. Gazeti la Denmark lilipochapa katuni za kumdhihaki Mtume s.a.w. mwaka 2005, Khalifa wa Jumuiya yetu, Hadhrat Mirza Masroor Ahmad, katika hotuba zake za Ijumaa za mwaka 2006 aliwaelekeza Waahmadiyya wasichome wala kuvunja vitu, bali wamswalie Mtume s.a.w. kwa wingi na kuwaeleza watu maisha yake kwa kalamu na kwa mwenendo mwema.

Pili, mizani iwe moja. Anayekasirika dini yake ikichekwa, naye asiicheke dini ya jirani yake. Kurani Tukufu imekataza hata kuwatukana wale wanaoabudiwa badala ya Mungu (6:109).

Tatu, iwe kwa kweli na kwa kiasi. Asishitakiwe mtu kwa kipande cha maneno kilichokatwa, wala asisingiziwe asilolisema. Na adhabu isizidi kosa.

Nne, toba ikubaliwe. Tarehe 17 Novemba, 2006, mchekeshaji wa Marekani Michael Richards aliwatukana kwa rangi yao watazamaji weusi waliomkatiza katika ukumbi mmoja wa Los Angeles. Siku tatu baadaye alitokea katika televisheni akaomba radhi, na mwaka uliofuata akatangaza kuiacha kazi ile ya jukwaani. Kilicho moyoni mwake anakijua Mungu. Lakini tofauti hii tunaweza kuiona: wako wanaosema, "Naomba radhi ikiwa yuko aliyeudhika," kana kwamba kosa ni la yule aliyeudhika. Toba ya kweli husema, "Nimekosa," humwendea aliyeumizwa, huacha kosa, na hutengeneza kilichoharibika.

NA SISI TULIOCHEKA?

Tumerudi barazani tulikoanzia. Mchekeshaji ni mwuzaji, na kicheko chetu ndiyo bei. Tusiponunua, hatauza. Ward hakuwa peke yake ukumbini. Walikuwako waliolipa kiingilio. Na wenzake Jérémy walioyarudia maneno yale shuleni hawakupanda jukwaa lolote, lakini pengine wao ndio waliomuumiza zaidi, kwa sababu walikuwa karibu naye.

Mtume Mtukufu s.a.w. alipata kuwauliza masahaba ni nani aliye mufilisi. Wakajibu kwamba ni asiye na fedha wala mali. Akawaeleza kwamba mufilisi wa umati wake ni yule atakayefika Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini huku alimtukana huyu na kumsingizia yule. Basi mema yake watagawiwa wao, na yakiisha kabla ya deni kwisha, atabebeshwa makosa yao. Hiyo ndiyo mahakama isiyo na rufani, wala hapana kura tano kwa nne.

Wewe uliyeingia dini karibuni, au unayeichunguza bado, huenda umekwisha kuwa kichekesho cha jamaa zako. Unajua basi jinsi neno linavyochoma. Usilipe kwa neno la namna hiyo. Na kesho mzaha ukipita mbele yako, kabla ya kucheka au kuupeleka kwa wengine katika simu yako, jiulize mambo matatu: Je, ni kweli? Je, anayechekwa angeweza kucheka pamoja nasi kama angekuwapo? Je, ningeridhika kuambiwa hivi mtoto wangu? Jibu likiwa hapana, nyamaza. Ukiweza, sema neno moja la kumrudishia heshima yule asiyekuwapo, kama alivyofanya Mtume s.a.w. kwa ajili ya miguu ya Abdullah bin Mas'ud. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, atupe furaha isiyomliza mtu, na atujalie tujihesabu wenyewe kabla ya kuhesabiwa. Amin.